Kuengua Povu la Bahari Sebuleni: Tangi la Matumbawe Linahitaji Skima?

Nyama ikianza kuchemka sufuriani, mpishi husimama na upawa akiengua povu la kijivu linalopanda juu. Povu lile ni protini iliyotoka kwenye nyama ikapanda pamoja na viputo. Asipoliengua, supu italiwa tu, ila itakuwa na ukungu, na anayeijua supu atalitambua hilo kabla hajaonja. Skima, ile mashine inayouzwa kwa watu wanaofuga matumbawe nyumbani, hufanya kazi hiyohiyo usiku na mchana, bila moto, kwenye maji ya bahari.

Swali la kama tangi linahitaji skima huulizwa kana kwamba jibu lake liko kwenye ukubwa wa tangi. Muuzaji anauliza lita ngapi, ananyoosha mkono kwenye rafu, anashusha boksi. Jirani yangu hapa Dar es Salaam alikuja kwangu amebeba boksi la namna hiyo, halijafunguliwa, akaniuliza, "Kaka, nisipoiweka hii matumbawe yangu yatakufa?" Tangi lake ni la lita 200. Lina samaki watano, mmoja wao kangaja anayekua haraka, na matumbawe laini yaliyokwishajishika vizuri kwenye mawe. Nilimwomba asikate utepe wa boksi mpaka tupige hesabu. Hesabu hiyo ndiyo ninayoieleza hapa, kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua mashine hii bila kujua inaondoa nini, na wengine wakiikataa bila kujua kwamba huenda kazi yake kubwa kwenye tangi lao si ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Maji ya tangi hubeba vitu vingi visivyoonekana kwa macho: ute wa samaki na wa matumbawe, mabaki ya chakula, seli za mwani zilizokufa, protini, mafuta. Molekuli nyingi za vitu hivi zina tabia ya sabuni, upande mmoja unapenda maji na upande mwingine unayakimbia. Zikikutana na kiputo cha hewa hutulia palepale kwenye ngozi yake, upande mmoja umezama majini, mwingine unachungulia hewani. Skima ni bomba lililosimama wima ambamo pampu huivunjavunja hewa kuwa viputo vidogo mno, mpaka maji yanafanana na maziwa. Udogo huo una maana kubwa. Hewa ileile ikigawanywa kwenye viputo vidogo vingi hupata ngozi pana zaidi kuliko ikiwa kwenye kiputo kimoja kikubwa, tena viputo vidogo hupanda polepole, hivyo hupata muda wa kubeba mzigo. Kule juu bomba hujibana kuwa shingo. Viputo vinasongamana, maji yanachuruzika kurudi chini, na povu zito linasukumwa hadi linamwagikia kwenye kikombe. Kinachokusanyika humo ni maji ya rangi ya chai, wakati mwingine kahawia nzito, yenye harufu ambayo mtu akishaisikia mara moja haisahau.

Mashine hii haifai kwenye tangi la kawaida la maji baridi, na sababu yake inapendeza kuijua. Kwenye maji ya mto au ziwa viputo vikigusana huungana haraka, huwa vikubwa, hupasuka. Chumvi ya bahari huvizuia kuungana. Ndiyo maana wimbi likivunjika kwenye mwamba huacha weupe mzito unaochukua muda kutoweka, na kusi ikivuma kwa nguvu utakuta povu la rangi ya krimu limelala ufukweni likitetemeka juu ya mchanga. Bahari nayo inaengua.

Sasa tuje kwenye kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko mengine yote: kwamba skima huondoa nitrati na fosfeti, zile chumvi za mbolea zinazobaki majini uchafu ukishaoza. Haiondoi. Nitrati, fosfeti na amonia zikishayeyuka zinakaa raha mustarehe ndani ya maji, hazina upande unaoyakimbia, kwa hiyo hazina sababu ya kung'ang'ania ngozi ya kiputo. Skima inachoweza ni kuwahi tu. Inainasa protini kabla bakteria hawajaivunja kuwa amonia, na amonia ile haijawa nitrati. Ikichelewa, imekosa.

Inawahi kiasi gani? Njia nzuri ya kujua ni kukifuata chakula.

Chukua gramu 1 ya chakula kikavu cha samaki ambacho nusu yake ni protini. Karibu asilimia 16 ya uzito wa protini ni nitrojeni, kwa hiyo gramu ile imebeba miligramu 80 za nitrojeni. Nitrojeni hiyo yote ikiishia kuwa nitrati utapata miligramu 350 hivi, maana nitrati huongezewa uzito na oksijeni inayojiunga nayo. Ndani ya lita 200 hiyo ni karibu miligramu 1.8 kwa kila lita, kwa siku moja. Kwa wiki, zaidi ya 12. Tulipima chakula cha jirani yangu kwa mizani ndogo ya jikoni, tukakuta analisha gramu 1 hivi kwa siku. Hakuwahi kukipima kabla. Alikuwa analisha kwa kukadiria na vidole, kama sisi wengi.

Ni heri kwamba si yote inayofika huko. Samaki hujenga mwili wake kwa sehemu ya nitrojeni hiyo, matumbawe na mwani huchukua fungu lao, na ndani kabisa ya mawe yenye vitundu, mahali ambapo oksijeni haifiki, kuna bakteria wanaogeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayopotelea hewani. Kwa wiki tatu tulipima maji yake kila Jumamosi kabla hajabadilisha chochote, na nitrati ilikuwa ikipanda kwa miligramu 4 hivi kwa lita kila wiki. Theluthi moja tu ya ile hesabu ya kutisha ndiyo iliyokuwa inabaki kwenye maji.

Kuna jambo moja kuhusu samaki ambalo likieleweka, mengi hunyooka. Tumezoea kudhani kwamba uchafu wa samaki ni kinyesi. Sehemu kubwa ya nitrojeni anayoitoa samaki haipiti kwenye kinyesi; inatoka kwenye matamvua, pale anapopumulia, ikiwa tayari ni amonia. Na amonia haishikwi na povu. Chakula kikishapita kinywani mwa samaki, basi, nitrojeni yake nyingi imekwisha kuikwepa skima kabla skima haijaiona. Kinachobaki cha kuenguliwa ni ute, kinyesi kilichosagika, chakula kilichoachwa, na viumbe wadogo waliokufa. Si kidogo, lakini si kila kitu. Ukiwa na samaki wengi wanaokula vizuri na wasiobakiza chakula, skima hata iwe ghali namna gani itaendelea kukuachia nitrati.

Ken Feldman, mwanakemia wa chuo kikuu cha Penn State huko Marekani, alilishughulikia jambo hili na wenzake kwa vipimo kati ya mwaka 2009 na 2010. Badala ya kutazama rangi ya maji ya kikombeni, walipima kaboni yote ya asili ya viumbe iliyomo kwenye maji ya tangi, kisha wakawasha skima za aina na bei tofauti. Skima ziliondoa kati ya asilimia 20 na 35 hivi ya kaboni hiyo, na hapo zikagota. Sehemu iliyosalia haikuvutwa na viputo, hata mashine iachwe ifanye kazi zaidi. Tofauti kati ya skima ya bei ndogo na ya bei kubwa ilikuwa ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Walipochunguza masalia ya kikombe walikuta pia kwamba sehemu kubwa ya yale magumu si mabaki ya viumbe hata kidogo. Ni chokaa, na ni silika iliyotoka kwenye maganda ya mwani mdogo. Mimi niliposoma matokeo hayo nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nafurahia kikombe kilichojaa, nikiamini kila tone jeusi ni nitrati niliyoiepuka.

Imani kwamba hakuna matumbawe bila skima ina historia yake, na inatoka Ujerumani. Wafugaji wa Berlin wa miaka ya 1970 na 1980 waliunganisha mawe hai, taa kali, mzunguko mkubwa wa maji na skima yenye nguvu, wakafanikiwa kukuza matumbawe magumu ambayo wengi walikuwa wakiyaua ndani ya miezi. Dietrich Stüber wa mji huo alikuza tumbawe la matawi ambalo vipande vyake viligawanywa kutoka tangi hadi tangi, nchi hadi nchi. Njia yao ikaitwa mfumo wa Berlin, na ilistahili sifa. Ila ilikuja ikiwa kifurushi kizima, na wengi wetu tukaisifia mashine peke yake, tukayasahau mawe na taa.

Kabla yao, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta alikuwa tayari amefuga matumbawe kwa maji ya bahari, mawe yaliyotoka baharini yakiwa na uhai wake, mwanga wa jua na viputo vya hewa. Hakuwa na kichujio. Bahari ilikuwa karibu naye, na jua la nchi yake ni kama letu. Na huko Washington, kwenye taasisi ya Smithsonian, Walter Adey alisafisha maji ya mwamba wake wa ndani kwa kuotesha mwani mfupi kwenye wavu chini ya taa na kuuvuna. Yeye alizikosoa skima waziwazi, kwa hoja kwamba zinaondoa viumbe wadogo wanaoelea ambao ni chakula cha mwamba. Njia tatu, na matumbawe yaliishi kwenye zote. Kwa hiyo yule jirani nilimjibu swali lake la kwanza hapohapo: hapana, matumbawe hayatakufa kwa sababu tu hakuna skima.

Yanaweza kufa kwa kukosa hewa, hata hivyo, na hapa ndipo naomba msomaji akae nami kidogo.

Skima humeza hewa kwa wingi na kuisaga ndani ya maji saa 24. Huleta oksijeni na kufukuza kaboni dayoksaidi. Kazi hii haitajwi sana, lakini kwa ukanda wetu wa joto naiweka mbele ya kuengua. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba oksijeni miligramu 6.8 hivi kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki 6.2 hivi. Wakati wa kaskazi sebule nyingi za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hufika huko bila shida. Mchana mwani ulio ndani ya matumbawe hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya taa, lakini taa zikizimwa kila kilichomo tangini kinavuta na hakuna anayetoa. Saa moja kabla ya alfajiri ndiyo saa ngumu kuliko zote. Samaki anayehema juujuu ya maji wakati huo anakwambia jambo ambalo kipimo cha nitrati hakitakwambia.

Upande wa pili ni kaboni dayoksaidi. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za gesi hiyo kwa kila milioni. Chumba kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi, chenye watu wanne wamelala, kinaweza kupita 1,000. Maji ya tangi hufuata hewa inayoyagusa. Kaboni dayoksaidi ikizidi, pH hushuka, yaani maji yanaelekea kuwa na asidi zaidi, na matumbawe magumu hupata taabu kujenga mifupa yake ya chokaa. Maji ya bahari huwa na pH ya 8.1 hadi 8.2 hivi. Tangi likishuka chini ya 7.8 kila alfajiri lina tatizo linalostahili kutafutiwa chanzo.

Kuna jaribio la kikombe ambalo halihitaji fedha. Chota glasi ya maji ya tangi asubuhi na mapema, pima pH. Ipeleke glasi nje, barazani, weka bomba la pampu ndogo ya hewa ndani yake, iache ibubujike kwa saa moja, pima tena. Ikipanda vizuri, maji yako yamejaa kaboni dayoksaidi na yanahitaji hewa safi. Isipopanda, chanzo kiko kwingine, huenda kwenye alkali ya maji, na hapo skima haitakusaidia. Ikiwa umebubujisha glasi moja ndani na nyingine nje, na kote pH ikapanda sawasawa, tangi lako halichanganyiki vya kutosha na hewa, ingawa hewa ya chumba ni nzuri. Pampu inayovuruga uso wa maji inaweza kulimaliza jambo hilo kwa gharama ndogo kuliko skima.

Turudi kwenye nitrati, kwa sababu kuna njia ya zamani ya kuiondoa ambayo tunaidharau kwa kuwa ina ndoo ndani yake. Tangi linalopanda miligramu 4 kwa wiki, ukilibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, halitulii mpaka lifike karibu na 40 kabla ya kubadilishwa. Chukua kinachoongezeka, gawanya kwa sehemu unayobadilisha: 4 kwa sehemu ya kumi ni 40. Ukibadilisha robo, linatulia kwenye 16. Ukibadilisha nusu, 8. Ndiyo maana mtu analalamika kwamba anabadilisha maji kila wiki miaka miwili na nitrati haishuki. Haitashuka, imefika pale hesabu ilipoipeleka. Skima ikiongezwa, tuseme ikapunguza lile ongezeko kutoka 4 hadi 3, basi kwa robo ya maji utatulia kwenye 12. Ni msaada. Kupunguza chakula kwa robo kunaweza kuleta msaada wa kiasi hichohicho.

Hapa ndipo ukubwa wa tangi unapoingia kweli. Tangi langu dogo lina lita 60. Robo yake ni lita 15, ndoo moja tu na bado nafasi inabaki, na chumvi inayohitajika kuyatengeneza ni nusu kilo na kidogo. Sina skima pale na sitaweka. Kwenye tangi la lita 400, robo ni lita 100 kila wiki, karibu kilo tatu na nusu za chumvi ya kuagiza, mgongo, na nusu ya siku ya mapumziko. Mwenye tangi hilo akiniambia ananunua skima nitamwelewa, kwa sababu ananunua kupumzika kutokana na ndoo. Kwa anayeishi karibu na bahari safi, mbali na mdomo wa mto na mabomba ya maji taka, akachota maji yanapojaa na kuyahifadhi vizuri, hesabu ya chumvi hubadilika tena.

Aina ya viumbe nayo ina neno. Matumbawe laini, yale ya uyoga na yale yanayotandaa kama zulia, mengi hupenda maji yenye chakula kidogo ndani yake. Tangi la aina hiyo lenye samaki wawili wadogo likiwekewa skima kubwa hugeuka kuwa safi kupita kiasi: rangi zinafifia, na nitrati na fosfeti zikifika sifuri huweza kuzuka utando wa kahawia wa viumbe wadogo wenye mikia ambao kuwaondoa ni kazi ya miezi. Nimeliona hilo mara mbili, na mara zote mwenye tangi alikuwa mtu mwangalifu, si mzembe. Kangaja, kwa upande mwingine, ni samaki wa kuchunga mwani mchana kutwa na kutoa kinyesi mchana kutwa. Tangi lenye makangaja wawili watatu ni zizi, na zizi linataka ufagio. Matumbawe magumu ya matawi yenye samaki wengi juu yake, hapo skima naipendekeza bila kusita.

Na kuna hali moja ambayo sijadili tena: ukitia siki, vodka au chakula kingine cha kaboni ili kuwanenepesha bakteria wapate kula nitrati na fosfeti, lazima uwe na skima. Bakteria hao huongezeka kwa haraka, huvuta oksijeni, na wasipotolewa majini watakufa humohumo na kurudisha walichobeba. Skima hapo inavuna na kupumulia kwa wakati mmoja. Tangi lililotiwa siki bila skima linaweza kuwa jeupe kama tui kwa usiku mmoja na samaki wakawa wamekufa asubuhi.

Umeme. Skima ya tangi la lita 200 hula wati 20 hivi, yaani uniti 14 na nusu kwa mwezi. Si gharama ya kumzuia mtu, lakini mashine inayolipatia tangi hewa inasimama umeme ukisimama, na hapo tangi lenye samaki wengi lililotegemea skima huingia hatarini mapema kuliko lenye samaki wachache. Kwa hiyo, kabla ya skima ya bei yoyote, nunua pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika. Nilichelewa kuinunua. Umeme ulikatika saa nne usiku, nikalala nikidhani utarudi, na alfajiri nilitoa samaki watatu.

Ukiamua kuiweka, usiamini sana lita zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Mara nyingi namba ile ni ya tangi lenye samaki wachache. Lakini usinunue kubwa mno pia. Ikikosa uchafu wa kutosha povu halisimami, linapanda na kuanguka bila mpangilio. Ikiwa mpya huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kabla haijatulia. Usiihangaikie. Mikono yenye mafuta ya nazi ikiingia majini povu hulala ghafla kwa saa kadhaa, kisha hurudi lenyewe. Nimewahi kufungua skima nzima na kuisafisha kabla sijatambua kwamba nilitoka kupaka mafuta. Shingo isugue kila baada ya siku mbili tatu, kwa kuwa utando unaojenga pale ndio unaozuia povu kupanda. Pampu iloweke kwenye siki kila baada ya miezi michache. Na ukiitegesha itoe povu jepesi la maji mengi, kumbuka unamwaga chumvi. Lita 1 kwa wiki ni gramu 35 za chumvi, na kama kifaa chako cha kujaza maji kinarudishia maji yasiyo na chumvi, lita 200 zitakuwa zimeshuka kutoka 35 hadi chini ya 34 kwa elfu ndani ya miezi miwili.

Jambo jingine, na hili nalisisitiza kwa nyumba zetu: skima inavuta hewa ya chumba na kuisaga majini. Dawa ya mbu ya kupuliza, ikipulizwa sebuleni, inavutwa hivyohivyo. Dawa hizo zimetengenezwa kuua wadudu, na kamba na kaa ni ndugu wa karibu wa wadudu. Waambie watu wote wa nyumbani, hata mgeni wa usiku mmoja.

Nisiache pia kusema kuhusu mawe na matumbawe yenyewe, maana nikitaja Jakarta na maji ya bahari kuna atakayetazama mwamba wa kwao. Mwaka 1998 joto liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi kwenye pwani hii, na yaliyosalia yanatunzwa kwa tabu. Ndani ya hifadhi kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, au Chumbe kule Zanzibar, hakuna kitu cha kuokota. Matumbawe magumu yote yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hayavuki mpaka bila kibali. Vipande vilivyokuzwa kwenye matangi ya wafugaji wenzako huzoea tangi vizuri zaidi, na mwenye navyo mara nyingi anafurahi kugawa.

Jirani yangu, basi. Nitrati yake ilikuwa 22 na alikuwa akibadilisha asilimia 10 tu kwa wiki, ikiendelea kupanda kuelekea ile 40. Tuliongeza hadi lita 50, ndoo mbili na nusu, na chakula kikashuka hadi gramu 0.7. Hesabu ya nitrati ilituambia kwamba angeweza kuishi bila skima. Halafu tukafanya jaribio la kikombe. Alfajiri, sebule ikiwa imefungwa na kiyoyozi kimewaka usiku kucha, pH ilikuwa 7.7. Glasi ileile baada ya saa moja barazani ilisoma 8.1.

Alifungua boksi siku hiyohiyo. Tulitoboa tundu dogo kwenye fremu ya dirisha, tukapitisha mpira mwembamba wa hewa wa skima mpaka nje, mdomo wake tukaufunika kwa kitambaa cha chandarua ili mdudu asiingie. Wiki ya pili, povu likiwa limeshatulia, alinitumia picha ya kipimo saa kumi na moja alfajiri: 8.0. Kwenye kikombe kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya rangi, kiasi cha vidole viwili.